Supu ya Bata

Ua wetu mzima ulimwita Mwalimu, hata mume wake. Mama mkwe wetu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, akitaka chumvi alipaza sauti, "Mwalimu, leta chumvi!" Mimi nilikuwa na watoto watatu na niliitwa "wewe."

Mwalimu aliolewa na kaka mkubwa wa mume wangu. Nyumba zetu mbili zilitazamana ndani ya ua mmoja pale Garissa, na mama mkwe alikaa katikati kama refa. Kabla ya hapo Mwalimu alikuwa amenifundisha darasa la sita, kwa hiyo hata baada ya kuolewa nikaingia ua huo, nilishindwa kumwita jina. Ulimi ulikataa.

Niseme mapema ili mtu asidanganyike: simwandiki kwa sababu nilimpenda. Nilimwonea wivu miaka yote niliyokaa naye, na mpaka leo wivu huo haujaisha. Yeye hakuwa na mtoto, mimi nilikuwa nao. Mtu wa nje atadhani wivu ulitoka upande wake. Ulitoka kwangu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake haikupanda hata akiwa na hasira. Huko shuleni alikuwa na vita vimoja tu, vita vya p. Sisi Wasomali p hatuna. Tuna b, na inatutosha. Mwalimu alikuja darasani na kipande cha karatasi nyepesi akakishika mbele ya mdomo wa kila mmoja. "Sema pilipili." Karatasi ikitikisika, umepita. Isipotikisika umesema bilibili, unarudi kukaa. Tulipuliza mpaka mate yakamrukia usoni, naye akajifuta na mtandio akaita wa pili. Mimi nilipita mara ya kwanza. Akasema mbele ya darasa zima, "Huyu atafika mbali." Nilifika kidato cha nne, kisha nikafika uani kwake.

Hata nyumbani hakuacha. Sisi wote tulizungumza Kisomali, lakini yeye alisema watoto wa ua lazima wasikie Kiswahili kabla hawajakutana nacho shuleni wakaogopa. Jioni aliketi kwenye mkeka na binti yangu Halima, akimfundisha majina ya vyombo. Halima alirudi kwangu akinisahihisha. "Hooyo, mama, si 'kikombe changu imevunjika.' Ni kimevunjika." Mtoto niliyemzaa mimi, kwa uchungu wangu, ananiambia kimevunjika! Halafu anakimbia kwenda kulala kwa Mwalimu kwa sababu huko kuna hadithi.

Sasa nieleze chakula, maana chakula ndicho kilichonimaliza.

Mwalimu alikaa katika ndoa miaka mingi bila kushika mimba. Katika nyumba nyingine angeshaletewa mwenzake. Shemeji, mume wake, alikuwa dereva wa lori la Nairobi, na kila alipoambiwa aoe wa pili alijibu neno lile lile: "Nina lori moja na mke mmoja, wananitosha." Wanaume wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Mume wangu, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa akinitishia mke wa pili kila chai ikichelewa.

Mama mkwe alimtibu Mwalimu kwa njia ya kwao. Maziwa ya ngamia mabichi, asubuhi na jioni. Mafuta ya nundu yaliyoyeyushwa. Tende, habasoda na asali. Na zaidi ya yote, nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kulazwa ndani ya samli. Aliiweka kwenye mkebe chini ya kitanda chake na ufunguo wa chumba akaufunga shingoni. Nilipojifungua Halima, nikiwa nimelala sina nguvu hata ya kushika kikombe, nilionjeshwa kidogo kwenye kifuniko. Mwalimu alikuwa akipewa bakuli.

"Mama," nilimwambia siku moja, "anayenyonyesha ni mimi."

"Wewe unazaa hata ukila mchanga," akanijibu. "Mwache mwenzio ale."

Yaani kosa langu lilikuwa kuzaa bila kusumbua watu.

Halafu akaja Mchina. Shemeji alisikia kwa abiria kwamba kuna daktari wa Kichina Nairobi, ana chumba juu ya duka la nguo huko mtaa wa Islii, na wanawake waliokata tamaa wanatoka kwake na matumbo. Shule zilipofungwa akampakia Mwalimu mbele ya lori, wakaenda. Waliporudi tuliketi uani kusikiliza. Mwalimu alieleza kwamba yule daktari hasemi Kiswahili, ana msichana wa kumtafsiria. Daktari alimwekea vidole kwenye kifundo cha mkono akafumba macho kimya kama mtu anayesoma. Kisha akaomba aone ulimi.

"Ulimi?" Mama mkwe akashika kifua. "Mwanamume wa watu umemtolea ulimi?"

"Ulimi tu, mama. Mwanao alikuwa ameketi pale pale."

"Na yeye alifanya nini?"

"Alitoa wake pia, aangaliwe."

Shemeji aliangalia miguu yake.

Mchina alisema tumbo la uzazi la Mwalimu limeingiwa na baridi. Mama mkwe alinyanyua macho akalitazama jua la Garissa, jua linalowafanya mbuzi kupigania kivuli cha gari lililosimama. "Baridi?" akauliza. "Ameipata wapi?" Lakini amri zilikuwa zimeshatolewa. Asinywe wala asile kitu kibichi au cha baridi. Maji anywe ya moto. Ale tangawizi na supu ya kuku. Miguu isikanyage sakafu tupu, kwa sababu baridi hupandia hapo.

Basi Mwalimu akavaa soksi. Soksi nene za sufu, za rangi ya kahawia, ambazo shemeji alizitafuta Nairobi nzima. Alizivaa kwenda shule, alizivaa uani, alizivaa mwezi wa pili wakati lami inashika viatu. Watoto wa shule wakampa jina la Soksi. Aliwasikia. Siku moja akaandika ubaoni neno SOKSI kubwa, akawaambia walitungie sentensi kumi, na kila sentensi iwe na p.

Na supu ya kuku! Kwetu sisi watu wa ngamia, kuku ni ndege, na ndege haliwi na mtu mwenye mifugo. Mama mkwe alikuwa akihamisha kiti chake sufuria ikipita.

Dawa yenyewe ilikuja kwenye pakiti za karatasi: magome, mizizi, majani makavu. Mwalimu hakunywa kitu bila kukijua. Alimwaga pakiti nzima kwenye sinia, akachambua kama anayechambua mchele. Siku moja akatoa kitu chepesi, cha rangi ya asali, chenye miguu.

"Hiki kina miguu," akasema. "Chenye miguu sikinywi."

Mama mkwe akakisogelea. "Hii ni nzige. Nzige ni halali."

"Si nzige, mama. Nzige ana miguu mirefu ya nyuma."

"Basi ni nzige ya China."

Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwalimu akakitupa, akanywa vilivyobaki. Hivyo ndivyo alivyokuwa: alimtii kila mtu, lakini baada ya kuchambua. Asubuhi alikunywa dawa chungu, jioni tende na samli za mama mkwe. Nilipomuuliza kama vitu hivyo havigombani tumboni akaniambia, "Abaayo, dada yangu, asubuhi niko China, jioni niko kwenu. Taabu naipata njiani tu."

Sufuria ya dawa ilinuka ua mzima, kama ngozi iliyolowa. Wakati huo nilikuwa na mimba ya nne, na kila ilipochemka nilikimbilia nyuma ya choo kutapika. Na unajua nani aliyekuwa akiichemsha? Shemeji. Mwanamume mzima, na ndevu zake, amechuchumaa akipepea jiko la makaa kabla hajaondoka na lori, anaonja kwa ncha ya kijiko kama haijaungua. Mume wangu hajui hata jiko letu liko upande gani. Nilikuwa nikijifuta matapiko na kumtazama shemeji akipepea, na nilitamani, Mungu anisamehe, ningekuwa mimi mgumba nikapepewa.

Tumbo langu lilipoanza kuonekana, mama mkwe aliniita chumbani kwake pamoja na mume wangu. Mwalimu alikuwa shuleni. Mama mkwe hakuzunguka.

"Huyu akizaliwa, kama Mwalimu bado, tunampa yeye alee. Wewe una watatu. Mungu amekujalia kwa ndoo."

"Mama, hii ni mimba, si maziwa."

Nilimgeukia mume wangu. Akasema, "Kwani si ua mmoja? Utamwona kila siku."

Kwetu jambo hilo si geni. Watu wanapeana watoto, ndugu kwa ndugu, na hakuna anayeliita wizi. Lakini huyu alikuwa ndani yangu, ananipiga mateke wakati wanamgawa. Halima alikuwa ameshaenda nusu. Sasa na huyu?

Kuanzia siku hiyo hakuna mtu Garissa aliyemwombea Mwalimu mimba kuliko mimi. Nilisali nikamtaja. Nikimwona amevua soksi nilimfokea, "Mwalimu, miguu!" Nikimwona ameshika maji ya mtungi nilimnyang'anya kikombe. Alinitazama kwa upole, akadhani nimeanza kumpenda. Nilikuwa nikililinda tumbo lake ili nibaki na mtoto wangu.

Ndipo maziwa yakaleta vita. Mchina alikataza kibichi, kwa hiyo Mwalimu akawa anayachemsha maziwa ya ngamia. Watu wa ngamia hawafanyi hivyo. Maziwa yake hayawekwi motoni, maana ngamia aliyeyatoa ataugua kiwele huko aliko. Mama wa maziwa, aliyekuja na punda wake kila asubuhi kutoka malishoni, aliona utando kwenye sufuria akauliza, "Mwalimu, unayachemsha?"

Mtu mwingine angesema ni ya ng'ombe. Mwalimu akajibu, "Ndiyo."

Mama wa maziwa akafunika chombo chake, akaondoka. Habari ilitangulia mbele ya punda. Kufikia mwisho wa wiki hiyo hakuna mwanamke sokoni aliyemuuzia hata kikombe. Mama mkwe akanuna. Shemeji akanuna kwa sababu mama yake amenuna. Na mimi nikachanganyikiwa, maana bila maziwa mama mkwe angesema matibabu yameshindwa, na mtoto anakuja.

"Si uyanywe mabichi tu!" nilimfokea Mwalimu. "Huyo Mchina amewahi kumwona ngamia?"

Akafikiri. Kesho yake alimfuata mama wa maziwa mpaka barabarani, na mimi nyuma na tumbo langu.

"Nisipoyaweka motoni utaniuzia?"

"Nitakuuzia."

"Nikiyaweka juani?"

Mama wa maziwa akatazama juu, akamtazama punda, akatazama juu tena. "Jua la Mungu," akasema. "Ngamia mwenyewe anasimama juani."

Basi kila adhuhuri kibuyu cha maziwa kilikuwa juu ya paa la mabati, na Mwalimu juu ya ngazi, anakigeuza. Yaliyoteremka yalikuwa ya moto kweli. Yakichacha alisema ni susa, ndiyo tunayoipenda. Mama mkwe akarudisha bakuli la nyirinyiri. Nilishangaa na nikachukia. Mimi ningepigana na soko zima, nikashindwa.

Dawa ilipokwisha ilikuwa mwanzo wa muhula, kwa hiyo shemeji akaenda Islii peke yake. Mwalimu alimwagiza arudi na maneno ya yule msichana kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili hicho hicho, asiyageuze Kisomali akayapotosha. Shemeji akayarudia njia nzima asiyasahau. Alipofika akasimama katikati ya ua na kutamka, "Amesema: akila supu ya bata."

"Bata?" Mwalimu akauliza.

"Bata. Wallahi, masikio yangu yamesikia."

Bata tulimpata kwa wakulima wa kando ya mto Tana. Mama mkwe alipomwona akitembea uani, anatikisa makalio, alisema sasa dunia imefika mwisho wake. Lakini Mwalimu alikula. Supu ya bata miezi na miezi. Yeye akiwa shuleni nilikuwa nikiwanyonyoa mimi, tumbo limefika mdomoni, nikilaani kila unyoya, nikisema moyoni, ingia, mimba, ingia.

Shule zilipofungwa akaenda mwenyewe. Aliporudi alimwita shemeji uani, mbele yetu sote, akatoa kipande cha karatasi.

"Sema alivyosema yule msichana."

"Akila subu ya bata."

Karatasi haikutikisika.

"Alisema, 'Akila supu atapata,'" Mwalimu akasema. "Atapata! Supu yoyote, atapata mtoto. Na Mchina amesema bata ni nyama ya baridi. Nimekula baridi miezi yote hii."

Shemeji akasema polepole, "Atabata, ya bata. Si ni kitu kimoja?"

Nilingoja amrukie. Mimi ningemrukia. Mwalimu aliangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akakaa chini vumbini na soksi zake. Akacheka mpaka akalia, na shemeji akakaa chini pembeni yake, akachukua ile karatasi, akaishika mbele ya mdomo wake mwenyewe akajaribu: bata, bata, bata. Niliingia ndani nikafunga mlango kwa kishindo. Miezi yangu imeliwa na bata, na wao wanacheka! Na lililoniuma zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kukosea kwa ajili yangu namna ile, akibeba maneno kutoka Nairobi yasimwagike.

Nasra alizaliwa wiki chache baadaye. Msichana, mzima, na sauti ya kuamsha jirani. Arobaini ilipotimia mama mkwe alikuja na shuka mpya, akaitandika kwenye mkeka, akamlaza mtoto juu yake. Akamwita Mwalimu. Mume wangu alikuwepo, na shemeji. Mama mkwe akasema maneno yake: huyu ni wako, mchukue, ni damu yetu.

Mwalimu alisimama mlangoni. Ilikuwa wazi alikuwa hajaambiwa chochote.

"Mama yake ameulizwa?" akasema.

Nilitazama chini.

"Simtaki."

"Hutaki mtoto?" Mama mkwe akashangaa.

"Mtoto nataka. Huyu simtaki."

Akatoka. Nilimnyakua Nasra pamoja na shuka yake. Nilikuwa nimepona. Na dakika hiyo hiyo damu ilinipanda. Humtaki? Mwanangu ana kasoro gani? Nilivuka ua naye begani, nikasimama mlangoni kwa Mwalimu.

"Humtaki kwa kuwa ni msichana?"

Alikuwa ameketi kitandani, amenipa mgongo. "Binti," akasema, kama alivyokuwa akiniita darasani, "wewe unataka nini hasa?"

Nilirudi nyumbani nikanyonyesha.

Baada ya hapo aliomba uhamisho, akapelekwa shule moja ya Habaswein. Shemeji akamfuata, akabadilisha njia ya lori lake kwa ajili ya kazi ya mkewe. Mwanamume kumfuata mke! Mama mkwe alilia wiki nzima, na mkebe wa nyirinyiri ukaenda nao. Halima aliacha kula siku kadhaa. Mimi nilifagia ua wote, upande wao na upande wangu, na ulionekana mkubwa mno.

Nilimwona Mwalimu tena wakati Nasra alikuwa anakimbia na kusema kila kitu. Nilikuwa nakwenda Wajir kwenye harusi ya mdogo wangu, na lori nililopanda likapasuka gurudumu pale Habaswein. Dereva alisema tushuke, kazi ni ndefu. Jua lilikuwa kali, mtoto analia, na muuza duka akaniambia nyumba ya mwalimu wa kike ni ile pale. Ningeweza kukaa dukani. Nilikwenda.

Alifungua mlango akanitazama, kisha akamtazama Nasra, kisha akanitazama mimi tena haraka. Alikuwa amenenepa kidogo. Alitupa maji na mkeka, akaniuliza habari za mama, za Halima, za mbuzi. Sikuzunguka.

"Bado?"

"Bado."

"Na dawa?"

"Nimeacha. Za Mchina na za mama, zote. Sasa nakula nikisikia njaa." Akatabasamu. "Inashangaza jinsi chakula kilivyo kitamu."

Nasra alizunguka chumba, akagusa vitabu, akachoka. Watoto wangu wote ni hivyo, hawana haya. Alimpandia Mwalimu mapajani bila kualikwa, akashika ncha ya mtandio wake, akalala. Mwalimu hakumkumbatia. Mikono yake ilibaki juu ya mkeka, huku na huku, viganja chini.

Nyundo ya turnboi, msaidizi wa dereva, ilisikika kutoka barabarani.

"Siku ile ya shuka," akasema, sauti ya chini asimwamshe, "nilikuwa nimeshamwangalia. Kila ulipomlaza nje nilimwangalia. Nilijua nikimbeba mara moja tu, wewe ungelia upande ule wa ua, ningekusikia, na nisingemrudisha." Akautazama mkono ulioshika mtandio. "Ningekusikia vizuri sana, abaayo. Na nisingemrudisha."

Honi ikalia. Dereva alikuwa akituita.

"Mchukue wewe," akasema. "Mimi siwezi kumnyanyua."

Mtu mwema angesema lori lisubiri. Angesema, mkumbatie kidogo, hakuna haraka. Nilimtazama mwanangu alivyolala pale, mdomo wazi, ametulia kuliko anavyotulia kwangu, na nikaona wivu ule ule. Nikainama nikamshika chini ya makwapa. Alinung'unika, na ngumi yake haikuuachia mtandio. Nikaanza kufungua vidole vyake, kimoja kimoja, na Mwalimu akanyanyua mkono kutoka kwenye mkeka akanisaidia.